Presha ya Evas katika Kitabu cha Erina

Ndugu zangu wa Bwera na Kasese, mniwie radhi nikiwatonesha kidonda. Wapo kati yetu wanaofanya hayahaya hata leo.

Mwaka 2014 nyumba ya Danieri na mkewe Erina, pale Bwera, ilikuwa na amani. Erina aliuza maharage katika soko la Mpondwe, na wanunuzi wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, walimpenda. Mdogo wake, Evas, aliishi nao, akimwita Yaya kwa kuwa ndiye dada mkubwa. Jioni walichambua maharage uani wakitaniana, na walifanana kama shilingi kwa ya pili.

Lakini Erina alikuwa na presha, na kliniki yake ya kila mwezi ilikuwa Jumanne, siku ya soko kama ilivyo Ijumaa. Akabuni ujanja.

"Evas, beba kitabu yangu ya kliniki, uniletee dawa," alisema. "Kule beko watu mingi, hakuna mutu anaangalia sura."

Evas alikwenda. Nesi aliita jina la Erina, Evas akanyoosha mkono, akapimwa. Binti wa miaka ishirini na mitano, buheri wa afya, mngetarajia nini? Nesi akaandika kwamba presha ni nzuri. Mwezi wa pili vivyo hivyo. Mwezi wa tatu akampongeza na kupunguza vidonge kutoka viwili hadi kimoja.

Hapo hofu ikamwingia Evas. Alimwambia dada yake kwamba dawa zimepunguzwa kwa kipimo kisicho chake. Erina akacheka, akasema mwili wake anaujua mwenyewe, na wateja hawangoji. Evas angemwambia shemeji yake, ila angekuwa anajishtaki. Basi kila Erina aliposhika kichwa, au kusema anaona ukungu, Evas alimletea maji ya kunywa, siri akabaki nayo.

Ijumaa moja asubuhi, kabla ya kliniki ya mwezi wa nne, Erina alianguka sokoni, mdomo umekwenda upande. Hospitalini daktari alimpima presha, akashtuka jinsi ilivyopanda, akapima tena kwa mashine nyingine. Danieri aliapa kwamba mkewe hajakosa kliniki hata mara moja, akatoa kitabu. Daktari alikisoma, akaanza kuuliza kama amekunywa sumu au miti shamba. Evas alisimama miguuni pa kitanda. Akikaa kimya, dada yake atatibiwa ugonjwa asio nao. Akisema, atamtazama vipi Danieri?

"Daktari," alisema, "ile presha ya mu kitabu si yake. Iko yangu. Ni mimi nilikuwa ninakuja."

Danieri alimgeukia. Daktari akakifunga kitabu, akaanza kutibu presha.

Erina alipona nusu. Mkono wa kulia hausogei, na akitaka kumwita mdogo wake, jina halitoki. Evas humlisha kwa kijiko, akiogopa kumtazama machoni.

FUNZO

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Erina hakufa, ila mtazameni. Mtu unaweza kumtuma chumvi ziwani Katwe, huwezi kumtuma akapimwe kwa niaba yako. Siku ya kliniki ikigongana na kazi yako, mwambie nesi mapema akupangie nyingine. Nawe unayetumwa, kataa, hata kama anayekutuma ni mkubwa wako. Ukishakosea, sema siku hiyohiyo. Evas alisema kweli, lakini alichelewa miezi mitatu.