Nakala ya Ijumaa

Haya yalimpata rafiki yangu Akanisi, fundi wa kompyuta pale mjini Suva, mchana kweupe. Seva inayosimamia seva zote za kampuni yao ya meli ilikufa, abiria wakakwama bandarini. Nakala mpya ya akiba ya data zake walikuwa wameihifadhi ndani ya seva hiyohiyo, sawa na kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Iliyobaki ni ya Ijumaa, aliyoiacha marehemu Waisake, fundi mwenzake, siku yake ya mwisho kazini.

"Irudishe hiyohiyo, dada," bosi alimhimiza kwenye simu. "Kila kitu kiwe kama Ijumaa. Ukichelewa, abiria watatula wabichi!"

Akanisi akavua ndara mlangoni pa chumba cha seva, kama ilivyo desturi yao, akaingia peku. Waisake walimzika Jumatatu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtilia jenezani ndara zake kuukuu, zile za kamba iliyofungwa waya.

Akaanza kuirudisha nakala, na ilipofika asilimia tisini na tisa, taa zikazimika. Feni zikaendelea kuvuma. Katikati ya mvumo huo akasikia nyayo peku zikija taratibu nyuma yake, pa, pa, pa. Akageuka, asione kitu gizani.

Taa ziliporudi, seva zote zilikuwa hai, na chumbani hamna mtu. Akakimbilia mlangoni. Kando ya ndara zake palikuwa na jozi nyingine, kamba moja imefungwa waya. Akaigusa.

Ilikuwa bado na joto la miguu.