Pasi ya Treni Iliyoanza Mapema

Kila jioni Suzana alipotoka shule alifua soksi zake, akateka maji, kisha akawasha moto wa mabua ya mahindi nyuma ya nyumba yao pale Kisesa. Moto huo haukuwa wa kupikia. Ulikuwa wa ngoma za baba yake, Mzee Ndalahwa, kwa sababu ngozi ikipashwa moto hukaza na kutoa sauti nzuri. Baba alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: kila ngoma ijaribiwe nyumbani kabla ya kupelekwa uwanjani.

Mwaka huo baba na mwenzake Shimba walialikwa Ulaya kupiga ngoma katika miji mitatu ya nchi tatu, kwa wiki mbili. Wenyeji walilipa ndege na malazi, lakini kila mgeni alitakiwa awe na pasi yake ya treni, yaani tiketi moja inayomruhusu mtalii kupanda treni za nchi nyingi kwa siku thelathini. Baba aliuza dume lake la pekee la ng'ombe. Mwalimu Modesta, aliyemfundisha Suzana Kiingereza, akamnunulia baba pasi hiyo mtandaoni, nayo ikaingia kwenye simu ya baba.

"Isianzishwe mpaka siku mtakayopanda treni ya kwanza," mwalimu aliwaonya.

Jumatano iliyofuata Suzana alimwonyesha rafiki yake Queen pasi hiyo. Queen hakuvutiwa hata kidogo.

"Una hakika inafanya kazi?" aliuliza. "Watu wanatapeliwa mtandaoni kila siku. Baba yako asije akashushwa njiani huko ugenini."

Maneno hayo yalimchoma Suzana. Onyo la mwalimu alilikumbuka, lakini aliona kujaribu si kuanza, maana ngoma nazo hujaribiwa na hakuna anayesema sherehe imeanza. Akabonyeza kitufe. Simu ikamuuliza kama ana hakika, akabonyeza tena. Jina la baba likatokea kwa rangi ya kijani, na chini yake maneno: zimebaki siku thelathini.

"Umeona? Inafanya kazi," alimwambia Queen.

Kesho yake zilibaki ishirini na tisa.

Suzana aliifungua pasi tena. Alisoma maelezo yote mpaka akafika mahali palipoandikwa kwamba pasi iliyoanzishwa kwa makosa inaweza kusimamishwa siku hiyohiyo tu. Siku yenyewe ilikuwa imekwishapita. Safari ilikuwa bado siku ishirini, kwa hiyo baba angefika Ulaya akiwa na siku tisa tu mkononi.

Hakumwambia mtu. Darasani alitazama ubao bila kuona kitu. Aliomba Mungu simu ianguke ivunjike, kisha akajichukia kwa kuomba hivyo. Baba naye alizidi kuwa na furaha, jambo lililomuumiza kuliko yote. Katika mji wa tatu, ambako sherehe ingefungwa, alipanga kupiga mapigo aliyofundishwa na marehemu baba yake, ambayo hakuwahi kuyapiga mbele ya wageni.

Siku ya tisa baba alimwita. "Nisomee pasi yangu, mwanangu. Nataka kujua nitamwonyesha nini kondakta."

Baba hakujua Kiingereza. Suzana angeweza kusoma chochote na baba angeamini. Alisoma jina, akasoma nchi, kisha akaiweka simu chini.

"Baba, niliianzisha," alisema huku akilia. "Zimebaki siku ishirini na moja."

"Uliianzisha lini?"

"Jumatano ya wiki iliyopita."

Mzee Ndalahwa hakumpiga wala hakumfokea. Aliuacha moto wa mabua uzimike, na ngoma siku hiyo hazikupigwa.

Asubuhi walikwenda kwa Mwalimu Modesta. Aliwaandikia wauzaji, akawasihi. Jibu lilikuja Jumatatu: wangeambiwa siku ileile, wangeisimamisha bila gharama, sasa hakuna pasi nyingine wala fedha ya kurudishwa. Mwalimu akawaandikia wenyeji. Hao walikubali kubadilisha tarehe ya ndege, ili baba apige katika miji miwili ya kwanza na kurudi nyumbani siku ya tisa. Katika mji wa tatu Shimba, ambaye pasi yake haikuguswa, angepiga peke yake.

Wiki nzima baba alimfundisha Shimba mapigo ya babu. Suzana aliwapashia ngoma, hakuthubutu kuinua macho. Shimba alipoyashika yote na kuondoka, baba alimwita Suzana akae karibu naye.

"Kujaribu kwako nimekusamehe," alisema. "Hata mimi ningeweza kukosea hivyo. Lakini asubuhi tisa umeniamkia shikamoo, nami nikakuitikia, na neno lenyewe ukalimeza. Ungesema, kosa lingefutika siku ileile. Ukikosea, sema kosa likiwa bado bichi. Uliogopa hasira yangu, na hasira yangu haidumu hadi chakula cha jioni. Mji ule wa tatu sitauona kamwe maishani."