Kiti cha Kumi na Nne

Asubuhi waliyokutana, ukumbi wa tiketi ulikuwa umefurika hadi milangoni, mashine zimegoma na watu wa foleni wameishiwa subira. Mwandishi alisimama kando akiwa na daftari lake, amevaa gauni la kijani na viatu vya kutembelea, maana kazi yake ilikuwa kuandika miongozo ya kuwafundisha makarani kutumia mashine hizo. Fundi wa programu alitoka chini ya meza, shati limejaa vumbi, akabonyeza vitufe vichache, na foleni ikaanza kusogea.

"Umefanya nini?" mwandishi akamuuliza, kalamu tayari.

"Nimetengeneza."

"Kwa hiyo niwaandikie makarani, 'ametengeneza'?"

Fundi akacheka. Kumbe alikuwa na kicheko kizuri, cha mtu asiyekitumia mara kwa mara.

Walipendana upesi. Ofisini walimwita fundi huyo Bubu: hakuwa msemaji, na programu zake hazikuwa na hata neno moja la maelezo kwa atakayekuja nyuma. Kazi nzuri hujieleza yenyewe, ndivyo alivyoamini. Mwandishi naye hakumaliza sentensi bila kusema "kwa mfano", basi fundi akambandika jina la Mama Mfano. Simu zao zilikuwa kichekesho: huku mtu anaongea, kule mtu anapumua.

"Upo, mpenzi?"

"Nipo. Nakusikiliza."

Lakini mapenzi ya kukisia yanachosha. Kila Jumamosi Mama Mfano alipanda treni kwenda kumwona shangazi yake aliyemlea, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia, na hata siku moja Bubu hakumtakia safari njema. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na siku ya mshindo ikafika. Bubu alitoweka wiki mbili, simu imezimwa, na aliporudi ndipo akasema alikuwa akimuuguza mama yake. Alidhani mpenzi wake angeelewa.

"Ningeelewa kwa kusoma nini?" Mama Mfano alimuuliza. Wakaachana jioni ile ile, na Bubu akahamia tawi la mji mwingine.

Miezi minane ikapita, na upweke ukamzoea Mama Mfano kama paka wa jirani. Alipika chakula cha mtu mmoja na bado kikabaki. Kila jambo la kuchekesha lilipotokea kazini mkono wake ulikimbilia simu, kisha akakumbuka hana wa kumsimulia. Raha iliyobaki ilikuwa ya Jumamosi: hata treni ijae vipi, akimtajia karani namba yake ya simu, alipata kiti cha kumi na nne, cha dirishani. Alijiambia kwamba angalau kwenye viti ana nyota.

Siku moja dada mgeni wa idara ya kompyuta alimfuata na karatasi. Alikuwa anasafisha programu ya zamani, akakuta mstari mmoja wa ajabu: kila Jumamosi, treni ya saa tatu, kiti cha kumi na nne kisiuzwe mpaka itajwe namba fulani ya simu.

"Hakuna maelezo yoyote, dada. Nataka kuufuta. Mwongozo wako unasemaje?"

Mama Mfano akaisoma namba. Ilikuwa yake. Aliomba asubiriwe mpaka kesho, akaingia stoo ya karatasi na kumpigia Bubu simu.

"Ni wewe uliyekifunga kile kiti?"

"Uliniambia ukikaa mbali na dirisha unachefuka."

"Nilisema mara moja tu. Na wewe hukuniambia kitu."

"Nilidhani kiti kinasema."

"Kiti hakisemi. Kinakaliwa tu."

Machozi yalikuwa yakimtoka Mama Mfano. Alimwambia mstari ule lazima ufutwe, kwa kuwa wapo waliosimama safari nzima kwa ajili yake bila kujua. Ila usifutwe kimya kimya; aliyeuandika aeleze sababu. Akakata simu.

Kesho yake dada mgeni alimwita kwenye skrini. Mstari haukuwapo tena. Mahali pake palikuwa na maelezo, ya kwanza Bubu kuyaandika tangu aanze kazi:

"Hapa nilimhifadhia kiti mtu ninayempenda. Sikumwambia. Niliwakosea abiria, na yeye nilimkosea zaidi. Mfano wa namna iliyo sahihi: Jumamosi saa mbili nitapanga foleni kama watu wengine, na nitamwambia mwenyewe."

Jumamosi ukumbi ulijaa kama siku ile ya kwanza. Bubu alikuwa kwenye foleni, amekonda, shati lake limepigwa pasi upande mmoja tu. Viti vilivyobaki vilikuwa viwili vya nyuma, mbali na dirisha. Mama Mfano alijua atachefuka, akavikubali. Treni ikaondoka wameketi pamoja, na Mama Mfano akasubiri Bubu aanze, maana safari hii hakutaka kumsaidia maneno. Bubu akajifuta viganja kwenye suruali.

"Sijui nianzie wapi."

"Anzia siku ulipozima simu," alimwambia, akimpa mkono aushike. "Taratibu. Na unitolee mifano."