Jicho la Karibu, Jicho la Mbali

Mkate wa Akhmim, mji wa Misri, huumuliwa juani. Asubuhi Fawziya aliupanga juu ya paa, na adhuhuri akapanda kuutazama. Kutoka pale juu alimwona binti yake, Nawara, akitoka shule. Alikuwa bado mbali, kwenye kona ya kinu cha unga. Shangazi yake alikuwa akija upande wa pili. Nawara akampita bila salamu.

"We mtoto!" Fawziya alimpokea mlangoni. "Shangazi yako unampita kama nguzo?"

"Sikumwona, mama."

"Hukumwona? Shangazi yako Zinat, anayejaza kichochoro kizima?"

Nawara akainamisha kichwa.

Siku hizo hakuna habari njema iliyotoka shuleni. Mwalimu alilalamika kwamba Nawara ananakili ovyo kutoka ubaoni. Akiulizwa swali, kimya. Baba yake, Sidqi, alikuwa amekwisha kata shauri.

"Kichwa kimegoma," alisema. "Mwisho wa mwezi aache shule, akae nyumbani atarizi. Mikono anayo."

Nawara alilia mpaka sauti ikamkauka. Fawziya hakumtetea. Moyo ulimuuma, lakini aliona mumewe amesema kweli.

Alasiri ile akaja jirani yao Inshirah, nesi wa afya ya shule.

"Chai nitakunywa, Mama Nawara, ila nina neno. Tumewapima watoto macho. Nawara haoni ubao."

Fawziya akalitua birika kwa kishindo. "Nesi, umekosea nyumba! Mtoto huyu hutia uzi sindanoni taa ikiwa hafifu!"

Hakusema uongo. Kwa watarizi wa mtaa ule, jicho hupimwa kwa sindano. Fawziya mwenyewe, siku ya kuposwa, mama mkwe alimpa sindano na uzi mbele ya wageni. Aliutia mara moja, ndipo akakubaliwa. Kumwambia mtarizi kwamba mwanawe haoni ni kuutukana ukoo mzima.

Inshirah hakubishana. Alichomoa sindano iliyochomekwa kwenye kitambaa alichokuwa akitarizi Fawziya. "Basi nitilie uzi wewe."

Fawziya akalamba ncha ya uzi. Akaisogeza sindano mbali na uso, akanyoosha mkono mpaka mkono ukaisha. Uzi ukapita kando. Akajaribu tena. Ukapita kando.

"Siku hizi anakutilia nani?"

"Nawara," alijibu kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo wewe ni kipofu?"

"Kipofu mimi! Kutoka paani namtambua kila apitaye kwenye kinu!"

"Haya. Wewe waona mbali, karibu pamekukatalia. Ni umri, dada yangu, huja kwetu sote. Nawara anaona karibu, mbali pamemkatalia. Ubaoni kwake ni ukungu mtupu. Sindano haiwezi kukuambia habari za ubao."

Fawziya akaiweka sindano chini. Akamkumbuka Zinat kichochoroni. Akakumbuka jinsi Nawara anavyokunja macho, anavyoumwa kichwa, anavyoganda karibu kabisa na televisheni mpaka afukuzwe. Yote hayo aliyaita utundu.

"Lakini miwani si itamharibu macho zaidi?"

"Haiharibu. Inamsaidia kuona. Ila usimnunulie ya sokoni, wala usimvalishe ya babu yake. Kila jicho lina kipimo chake. Alhamisi daktari wa macho anakuja shuleni. Kupima ni bure. Miwani bei yake ni kama ya kuku mmoja, na asiyeweza huchangiwa. Kisha apimwe tena kila mwaka, maana mtoto hukua, na jicho lake hubadilika."

Sidqi aliingia na kuyasikia ya mwisho. "Miwani? Msichana wa miaka kumi? Kesho nani atamposa?"

"Baba Nawara," Fawziya alisema, "mtoto hajamaliza hata kujifunza kugawanya, wewe ushamwoza?"

Inshirah aliangua kicheko. Sidqi hakucheka.

"Nimesema ataacha shule."

"Umesema kichwa kimegoma. Nami nilikuamini. Kumbe kichwa hakina kosa, tumemwadhibu mtoto kwa ukungu. Ngoja Alhamisi ipite. Akishindwa hata akiwa na miwani, nitamkalisha nyumbani kwa mkono wangu."

Sidqi akavuta mkeka, akaketi. "Alhamisi, basi," akasema.

Alhamisi daktari alimpima Nawara, na wiki iliyofuata miwani ikafika. Wavulana wa kichochoroni walimwimbia, "Macho manne! Macho manne!" Nawara akawajibu, "Mawili yenu yawatosha, maana hamna cha kusoma!" Akaenda zake.

Siku ile ya kwanza ya miwani alirudi kutoka shule akiwa na mawazo. Alikaa karibu na mama yake, huku baba yake akila kando.

"Walikucheka darasani?" Fawziya aliuliza.

"Hapana. Hesabu nilipata zote." Akasita. "Mama, kumbe Mwalimu Taghrid hutabasamu."

"Nani alikuambia hatabasamu?"

"Hakuna. Uso wake sikuwa nauona, nilisikia sauti tu. Nilidhani ananikasirikia kila siku. Ndiyo maana akiniuliza nilikuwa nanyamaza."

Sidqi aliacha kutafuna. Alikishika kipande cha mkate mkononi, akakiweka tena sahanini.

"Nawara," aliita.

"Naam, baba."

"Kalale mapema. Kesho usichelewe shule."