Sauti ya Kapteni Lubambe

Chumba-anga cha Chuo cha Marubani hakikuwa na mbawa, lakini ukiketi ndani tumbo lenyewe linakuambia uko juu. Sakafu inatetemeka, mawingu yanapita dirishani, na kiti cha kushoto, ambacho ni kitupu, kinaendesha ndege huku kikisema kwa sauti ya mzee. Huyo ndiye rubani-kivuli, akili bandia iliyolishwa kila sauti iliyonaswa katika ndege alizorusha Kapteni Lubambe maisha yake yote. Mwanafunzi hukaa kulia, kama rubani msaidizi. Rubani-kivuli akikosea, amzuie. Basi, mtihani ni huo tu.

Nyamizi alikuwa mchapakazi hasa, si wa kusukumwa. Wenzake wakienda kunywa chai, yeye anarudia kutua. Lakini mtihani huu alikwisha kuufeli mara mbili, na mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Akifeli tena, afungashe virago arudi kwao Tabora. Na si kwamba kosa hakuliona. Aliliona mapema, akanyamaza, ndege ikagonga kilima.

"Bidii unayo," Kapteni Lubambe mwenyewe, ambaye ndiye aliyekuwa mkufunzi wake, alimwambia. "Na adabu unayo, tena imepitiliza. Angani, adabu ya kunyamaza inaua watu. Mafundi wameitegea mashine ikosee makusudi. Ikatalie."

"Nimekuelewa, Kapteni."

Akaingia. Ukungu ulikuwa mzito, na rubani-kivuli akaanza kushuka kabla uwanja haujaonekana.

"Kapteni, tuko chini mno," Nyamizi alisema. "Naomba tupande."

"Uwanja huu naujua tangu hujazaliwa, binti. Tulia."

Aliona haya kana kwamba amembishia babake mbele ya wageni. Hata hivyo akapiga moyo konde.

"Samahani, mzee wangu. Nachukua usukani."

Akavuta. Injini zikanguruma, kilima kikapita chini yao.

Nje, fundi mkuu wa mitambo, Bi Tuponile, alikuwa akimpigia makofi. Kapteni naye alitabasamu.

"Umefaulu. Na lile kosa mmelitega vizuri, Tuponile. Hata kile kiburi cha kujibu."

Bi Tuponile aliacha kupiga makofi. "Hatukutega kitu, Kapteni. Tulitaka kutega, tukakuta hakuna haja. Kila ukungu ukiingia inafanya hivyo yenyewe, kama ilivyojifunza kwako. Nilidhani unajua."

Kapteni akamgeukia Nyamizi. "Mara mbili zile ulizonyamaza, ulikuwa unaiogopa mashine?"

Nyamizi angeweza kumsitiri. "Hapana, Kapteni. Nilikuwa nakuogopa wewe."

Kapteni hakukasirika. Jioni ile alikuwa na abiria wa kupeleka Mwanza, pamoja na rubani msaidizi mpole ambaye alimpenda kwa kuwa habishi. Kabla ya safari hiyo akaingia mwenyewe katika chumba-anga, akaketi kiti cha kulia, akaagiza ukungu uleule uwashwe.

Nyamizi na Bi Tuponile walimtazama kupitia kioo. Kapteni alikuwa ametega sikio kwelikweli, akitafuta mahali pa kukataa. Kutoka kiti cha kushoto, sauti yake mwenyewe ikatangaza kwamba inashuka. Akatikisa kichwa kukubali. Ikashuka tena, akakubali tena, na kilima kilipojaa dirishani alikuwa bado hajasema neno.