Rafiki wa Kinyozi

Kinyozi wa mtaa wetu alikuwa mtu wa maneno, na kibanda chake hakikukosa watu wa kupiga soga. Asubuhi ile redio ilikuwa ikiongea peke yake, mashine inanguruma, na dereva wa lori aliyekalia kiti alikuwa akisimulia habari za jamaa yake ambaye jogoo wake amegoma kuwika.

"Ni jamaa yangu tu," dereva alisema. "Msinitazame hivyo."

Kibanda kizima kikaangua kicheko, maana huyo jamaa kila mtu anamjua. Kinyozi alicheka kuliko wote, ikabidi azime mashine asije akamkata mteja sikio. Hakuna aliyejua kwamba nyumbani kwake mwenyewe jogoo alikuwa kimya tangu mwaka jana.

Mwanzoni alisingizia uchovu. Kisha mgongo. Kisha akaanza kuchelewa kufunga kibanda, akifagia sakafu iliyokwisha kufagiliwa, ili amkute mkewe amelala. Mke alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mwanamke asiyejua kuzungusha maneno. Alivumilia mpaka akachoka.

"Una mtu nje?" alimuuliza wakiwa mezani.

"Sina."

"Basi mimi nina kasoro gani?"

Angejibu nini? Alimpenda mwanamke yule mpaka kifua kinamuuma, na mwili wake mwenyewe ulikuwa umemsaliti. Akainamia sahani.

"Dada yangu anakuja Jumamosi," mke akasema taratibu. "Kama mpaka hapo hujaniambia kinachoendelea, naondoka naye."

Kesho yake kinyozi akafunga kibanda mchana. Hospitali aliikwepa, kwa sababu mpokea wagonjwa alikuwa dada wa mteja wake. Akaenda kwa mama mmoja mzee aliyetoa dawa katika chumba kilicho nyuma ya duka la rangi. Mama yule alikuwa akimenya vitunguu saumu, na hakuinua macho.

"Nani mgonjwa, mwanangu?"

Kumwambia mwanamke aliye sawa na mama yake? "Ni rafiki yangu," akasema.

Kisu kikasimama. "Nani mgonjwa?"

"Rafiki yangu, mama."

"Nakuuliza mara ya mwisho. Nani?"

"Nimeshasema. Rafiki yangu."

"Haya. Yukoje?"

Hakuwa amejiandaa kwa swali hilo, akabuni papo kwa papo. Mrefu. Ana pengo la meno ya mbele. Sauti nzito, lakini mpole. Mama akaitikia kwa kichwa kila alipotaja kitu, midomo ikicheza bila sauti. Mwisho akampa unga mweusi katika karatasi. "Umwage mlangoni pa nyumba anayolala. Atapona."

Akaumwaga mlangoni kwake. Angeumwaga wapi kwingine?

Siku zikapita, na mwili wake haukushtuka. Alhamisi, jua likiwa kali, akaingia mteja asiyemfahamu. Alikuwa mrefu hata akainama mlangoni. Akaketi, akafungwa kitambaa shingoni, akatabasamu kwenye kioo. Meno ya mbele hayakuwepo.

"Punguza kidogo tu," akasema. Sauti ilikuwa nzito, na ya upole.

Kinyozi akanyoa. Hakujua afanye nini kingine. Ngozi ya kichwa kile ilikuwa na ubaridi wa sakafu.

"Nashukuru ulinisemea kwa yule mama," mteja akanong'ona. "Sasa niko sawa. Lakini shemeji ana huzuni sana. Nimemwambia avumilie."

Mashine ikamponyoka. Alipoinuka baada ya kuiokota, kiti kilikuwa kitupu, na kitambaa kimekunjwa vizuri juu yake. Alitazama sakafuni. Hapakuwa na hata unywele mmoja.

Akakimbia nyumbani. Mkewe alikuwa akisuuza vikombe viwili.

"Rafiki yako katoka sasa hivi," akasema. "Mtu mzuri. Kaniambia alivyokuwa na shida ya ndani na wewe ukamhangaikia." Akageuka, macho yamejaa machozi. "Watu wa nje unawahangaikia. Mimi unaninyamazia."

Hapo ndipo pa kusema. Alifungua kinywa. Aibu ikamkaba, akatoka mbio kurudi kwa yule mama.

"Hakuna rafiki," akalia. "Ni mimi, mama. Mwondoe."

"Nilikuuliza mara tatu," mama akasema. "Mimi simwondoi. Yuko pale unapoficha. Kamwambie mkeo ukweli, huyo rafiki yako akiwa anasikia. Ukweli wote."

Jumamosi alimkuta yule rafiki sebuleni. Amekaa kwenye kochi, magoti juu kwa urefu wa miguu. Mke alikuwa amesimama karibu na sanduku. Nje, teksi ya dada ikapiga honi.

"Mwache aende," rafiki akanong'ona. "Nitamtunza."

Kinyozi akapiga magoti. Honi tena. Mke akashika sanduku.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Mgonjwa ni mimi. Si yeye. Mwili umekufa, mke wangu. Mwaka mzima. Sijakuchoka. Naona aibu. Naona aibu mpaka natamani kufa."

Sanduku likaanguka. Mke akaketi chini pale pale, akamkumbatia kichwa. "Mjinga wewe," akanong'ona huku analia. "Mimi nilidhani ninakuchukiza."

Walipoinua macho, kochi lilikuwa tupu. Mlango wa nyuma ulikuwa bado umefungwa kwa komeo, kwa ndani.

Dada akarudishwa na teksi yake, amenuna. Jumatatu mke na mume wakaenda hospitali wameshikana mikono, wakampita mpokea wagonjwa bila kuona haya. Daktari akapima, akakuta sukari imepanda, akatoa dawa na kuwaambia wasikimbizane na jambo hili. Wakaanza kuongea tena, na kucheka, na kulala wamekumbatiana hata pasipotokea kitu. Taratibu kikaanza kutokea.

Jioni moja mke akauliza, "Yule rafiki yako siku hizi yuko wapi?"

Kinyozi alifikiria kumwambia yote. Chumba cha nyuma ya duka la rangi, unga mlangoni, mtu aliyemzua kwa mdomo wake. Angemwona mwendawazimu. Ndiyo kwanza wameanza kupatana.

"Amesafiri," akasema.



Mwisho wa wiki wakatoa godoro uani ili lipigwe na jua. Upande wa mume palikuwa na bonde lake, la siku zote. Upande wa mke palikuwa na la kwake. Katikati palikuwa na la tatu, refu, limeanzia upande wa kichwani na kupitiliza hadi ukingo wa miguuni.

Kinyozi akaligeuza godoro. Upande wa pili nao ulikuwa vile vile.

Mke akainama, akaweka kiganja katikati, akakiacha hapo kitambo.

"Ajabu," akasema. "Pana joto."

Na jua lilikuwa bado halijafika uani.