Niache Nimalize Sentensi

"Jorrit, niache nimalize! Umeanza tena Kiingereza!"

Wageni walikuwa wamekaa kwa duara, kila mtu na kahawa yake na kipande chake kimoja cha keki. Ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya Mama Geertje, kule Deventer, na Mirela alijiandaa wiki nzima. Alimpongeza Mama, akampongeza Jorrit mpenzi wake, mpaka jirani naye akapongezwa, maana ndivyo Waholanzi wafanyavyo. Kisha shangazi yake Jorrit akamuuliza habari za darasa la Kiholanzi.

"Kauli ya kutendwa nimeielewa," Mirela alijibu polepole. "Ila ukanushaji na mpangilio wa maneno..."

Hapo ndipo Jorrit alipodakia kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Nilikuwa nakusaidia tu, mpenzi."

"Unanisaidia au unanionea aibu? Mwanamume asiyenisikiliza mpaka mwisho ana faida gani? Narudi kwetu Romania!"

Akabeba koti, akatoka. Mkoba wake wa shule ukabaki chini ya kiti.

Mama Geertje hakumbembeleza mwanawe Jorrit.

"Bwege wewe! Lugha yetu kitenzi hukaa mwisho, na hata neno la kukataa huja nyuma. Ukimkatiza katikati, utajuaje kama anakupenda au hakupendi?"

Jorrit akatuma ujumbe: "Nisamehe." Akapiga simu, haikupokelewa. Jamaa hakulala.

Ijumaa ndipo Mama alipopata ujumbe: "Mama, mtihani wa Kiholanzi nimefaulu. Nakuja kuchukua mkoba, kisha nasafiri."

Mirela alipoingia mtaani, moyo ukampiga paa! Bendera ilipepea mlangoni kwa Mama, na kwenye mlingoti ulining'inia mkoba wake, kama wanavyofanyiwa watoto wa mtaa ule wakifaulu. Majirani walikuwa wakimpa mkono Jorrit.

"Hongera kwa Mirela wako!"

Machozi yakamtoka Mirela. Jorrit akamsogelea, akasema kwa Kiholanzi, bila haraka:

"Mirela, utakubali nikuoe?"

"Mimi... na wewe... hapa Deventer..."

Akakwama. Shangazi, aliyekuwa kati ya majirani, akafungua mdomo amsaidie, Jorrit akamzuia kwa mkono. Akangoja. Mama Geertje akashika shavu, roho juu.

"...maisha yangu yote... kuishi... nataka!"

Vigelegele hawana kule, lakini walipiga makofi mpaka mbwa wa jirani akabweka. Jorrit alilia waziwazi, hajali nani anamtazama.

"Nimekusikia mpaka mwisho," akasema.

"Haya, ingieni ndani," Mama akaita huku akijifuta macho. "Keki ipo. Leo kila mtu vipande viwili!"